Mrejesho: shingo ya mama na ganzi ya mkono

Assalaam alaykum. Niliuliza kuhusu mama yangu, hapa Wete: pingili za shingo zimesagika, mkono wa kulia wafa ganzi, usiku halali. Ahsanteni nyote.

Mlioshauri mto mmoja mwembamba na mazoezi ya fiziotherapia, Mungu awalipe. Maumivu yamepungua kiasi, lakini sasa analala mpaka alfajiri, na hilo kwetu ndilo kubwa. Kusuka ukili hakuacha (nani atamwachisha?), ila anasukia mezani, asiinamishe shingo. Kola ya kushikilia shingo ilimchosha tu, tumeiweka kando. Ganzi ya vidole ingalipo. Vifungo vya nguo namfunga mimi. Daktari katuonya: miguu ikianza kulegea au mkojo ukimshinda, hospitali siku hiyo hiyo.