Njia nne, mchepuo wa malori au mitaro ya mitaani: Mbeya tuanze na lipi?

Mkazi wa Sae
Wakuu, poleni na baridi. Jana nimetoka Uyole saa kumi na moja jioni, Soweto nimefika giza limeshaingia. Jiji lina watu 541,603 kwa sensa ya 2022, na karibu wote tumejipanga pembeni ya barabara moja kama nguo kwenye kamba. Lori la Tunduma, haisi, bajaji, mkokoteni na gari la wagonjwa, wote humo humo.

Nalinganisha mambo matatu. Upanuzi wa njia nne Nsalaga–Ifisi, kilomita 29. Mchepuo wa Uyole–Songwe, malori yasiingie mjini kabisa. Halafu barabara za mitaa pamoja na mitaro yake. Kura yangu naipa ya tatu, ingawa haina utepe wa kukata. Leo bajaji ikitoka Sae kwenda Ilomba inalazimika kupanda lami kuu, maana njia za nyuma masika ni tope tupu. Msipozifungua hizo, njia nne zitajaa kama zilivyojaa mbili.

Dereva wa Masafa
Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kushuka Iwambi kuelekea Mbalizi na mzigo. Uzito wote unaoruhusiwa ni tani 56. Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko zinapata moto, zikipata moto hazikamati tena, na mbele yako kuna bajaji inashusha abiria. Wapo wenzetu wajinga wanaoshuka na frii, gia wameitoa, kuokoa mafuta, sikatai. Lakini hata dereva makini gari linaweza kumkataa. Mchepuo kwanza. Foleni inachelewesha tu, mteremko unazika.

Mama Viazi
Wanangu, mimi niko Mwanjelwa. Gunia linatoka Umalila hadi lami bila maneno mengi. Linaponimaliza ni kile kipande cha kutoka lami kwenda stoo: mvua ikinyesha bajaji haiingii, nalipa mkokoteni, na kijana wa mkokoteni akiona tope anapandisha bei hapo hapo. Namuunga mkono wa Sae.

Fundi Kalavati
Mnagombea chungu kimoja wakati vyungu ni viwili. Barabara kuu ni ya TANROADS, serikali kuu. Mitaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na mwaka 2021 iliongezewa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Kwa hiyo ukinyima mchepuo, fedha yake haihamii mtaani kwako.

Pa kubishana ni ndani ya chungu kidogo. Hapo tunapenda sana kuhesabu kilomita za lami na kusahau mtaro. Maji yakikosa pa kwenda yanaingia chini ya lami, tabaka la kokoto linalegea, tairi linamalizia. Heri nusu ya urefu, lakini kila mita na mtaro wake na kalavati lisiloziba. Kwenye miinuko, wapange mawe kama mitaa ya milimani kule Mwanza. Mawe tunayo, na vijana wa mtaa wanapata kibarua.

Mhehe wa Ipogolo
Niwachungulie kutoka Iringa. Sisi barabara kuu inapita chini huku Ipogolo, mji uko juu mlimani. Malori ya Zambia hayaingii sokoni. Mtaona raha, ila jueni na biashara zinafuata malori. Na stendi kuu ilipohamia Igumbilo, abiria akishuka anatafuta bajaji ya kupandia mjini, nauli nyingine hiyo. Mkijenga mchepuo, mama ntilie wa Soweto waulizwe mapema.

Mstaafu wa Reli
Hakuna hata mmoja aliyetaja TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na stesheni ipo Iyunga hapo! Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikakabidhiwa 1976, na upana wa reli ni uleule wa Zambia, behewa linapitiliza bila kupakua. Mzigo wa shaba ungerudi relini, huyo Dereva wa Masafa asingetubana Mafiat.

Dereva wa Masafa
Mzee wangu, shikamoo. Nami nile wapi sasa?

Mstaafu wa Reli
Marahaba. Utabeba viazi vya Mama.

Mkazi wa Sae
Dereva, hilo la mteremko limenibana, narekebisha: kwenye chungu kikubwa, mchepuo uje kabla ya kuongeza njia nyingine yoyote mjini. Reli ingepunguza malori kuliko vyote, ila haimo mikononi mwa jiji. Kwenye chungu kidogo sibadiliki, na namchukua Fundi na mitaro yake. Mtaani kwetu mkutano wa vipaumbele hujaa watu kumi, na sita ni wajumbe.

Mama Viazi
Huwa mnauitisha saa ngapi?

Mkazi wa Sae
Saa nne asubuhi, Mama.

Mama Viazi
Saa nne niko sokoni. Uiteni jioni, nije na wenzangu wa stoo.