Tangi jipya, furu watano wako ndani tayari: niwaokoeje?

Kijana wa Bwiru:
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Tangi langu la kioo, sentimita 90 kwa 40 kwa 40, lina siku 9 tu. Siku ya pili vijana wa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, waliniletea furu watano wadogo, wale samaki wa Ziwa Victoria, nikashindwa kukataa. Dume mmoja alikuwa ameanza kuvaa bluu. Jana maji yamepata ukungu mweupe. Leo wote wako juu wanahema na dume amefifia. Nimwage maji yote nianze upya?

Pasiansi:
Usimwage yote mkuu! Una maji yoyote yaliyolala?

Kijana wa Bwiru:
Lipo pipa la lita 200, nilijaza ya bomba juzi, liko wazi.

Mama Furu, Nyegezi:
Pole mwanangu. Toa nusu ya maji sasa hivi, ujazie ya pipani taratibu. Kwa kuwa yamekaa wazi siku mbili, klorini itakuwa imepungua sana. Kesho toa theluthi tena.

Kinachowachoma ni amonia wanayoitoa wenyewe kwenye matamvua. Ziwani inapotelea mbali, humo haina pa kwenda. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina makali kidogo sana. Kuzaliana hadi watoshe tangini huchukua wiki 4 hadi 6. Wanakaa kwenye sponji ya chujio, mchanga na mawe, kwa hiyo kubadilisha maji hakuwamalizi. Kinachowamaliza ni kuosha sponji kwa maji ya bomba. Ioshe kwenye maji uliyoyatoa tangini, basi.

Siku mbili usiwape chakula, hawatakufa njaa. Baadaye kidogo sana, siku moja moja. Nunua kipimo cha amonia na nitriti, upime kila siku. Chochote kikionekana, badilisha maji. Nitriti ikipanda, chumvi ya kawaida gramu 1 kwa lita huwakinga. Umeme ukikatika, washa pampu ya hewa ya betri, maana bakteria nao wanahitaji hewa.

Mimi nilipoanza nilimpoteza jike mwenye mayai kinywani. Wale hubeba wanao mdomoni, kwa hiyo nilizika uzao mzima. Sangara walishatumalizia aina nyingi za furu ziwani miaka ya 1980, ndiyo maana kila mmoja ananiuma. Njoo nikukatie kipande cha sponji yangu ya zamani, ina bakteria tele. Kisikauke njiani.

Kijana wa Bwiru:
Asante mama. Nimebadilisha nusu jana usiku na theluthi leo. Wanne wameshuka kwenye mawe, dume bado yuko juu ila hahemi kama jana. Nakuja Nyegezi saa kumi na moja jioni, nabeba maji ya tangi kwenye kopo.