Moto wa mboji Kalimantan (upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo): wanakijiji wanauzuiaje?

Kijana wa Hali ya Hewa: Wakuu, moto wa 2015 Indonesia uliteketeza takriban hekta milioni 2.6, takriban theluthi moja ikiwa ardhi ya mboji, yaani udongo wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza nusu. Kwa nini haukuzimika kwa ndoo, na vikundi vya vijiji hufanya nini hasa?

Fundi Mifereji: Mkuu, mboji huungua chinichini kama kaa ndani ya jivu. Mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mashamba na kusafirisha magogo ndiyo iliyoikausha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba mfereji: safu mbili za nguzo, zishindiliwe hadi udongo mgumu chini ya mboji, katikati magunia ya udongo. Ncha ziingie ndani kabisa ya kingo, la sivyo maji yatachimba pembeni na ukuta ubaki umesimama bure. Katikati acha mlango wa chini kidogo maji ya ziada yapite. Sheria ya Indonesia inataka maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi.

Mama Pampu: Ongeza hili: wanakijiji wasipokubaliana na wenye mitumbwi wanaopita mferejini, ukuta utabomolewa usiku. Wawekewe njia ya kupita.

Kuzima nako, usimwagie juu tu. Chomeka bomba ndani ya mboji, lowesha hadi iwe uji, kisha ipekue kwa mkono. Ikiwa bado ya moto, rudia.

Kijana wa Hali ya Hewa: Shukrani, Mama. Maji ya kiangazi yanatoka wapi?

Mama Pampu: Visima vya bomba, vichimbwe mapema. Na pampu ziwashwe kila mwezi, zisigande.