Msaada: mwanafunzi wangu wodini anabaki kimya kila nikimuuliza

Zamu_Ndefu: Wakuu, nasimamia wanafunzi wa uuguzi kwenye mafunzo ya vitendo. Mmoja nikimuuliza swali mbele ya mgonjwa anainamisha kichwa. Nikimwelekeza anaitikia "ndiyo", kisha anakosea palepale. Wiki hii wanamaliza. Niongee naye vipi?

Kanula: Hiyo "ndiyo" haithibitishi kitu. Mwambie arudie maagizo kwa maneno yake: mgonjwa yupi, dawa gani, dozi, njia ya kuitoa, saa. Ukifundisha ujuzi, fanya kwanza kimya kwa kasi ya kawaida. Rudia ukieleza kila hatua. Mara ya 3 yeye aeleze, wewe ufanye. Mara ya 4 afanye mwenyewe. Wengi huiruka ya 3, na hiyo ndiyo hufichua asichoelewa kabla hajashika sindano.

Mama Wodi: Jamani, heshima kwanza. Huyo ni mtoto wa mwenzio. Ukishauliza, subiri hata sekunde 5. Wasimamizi tunajijibu wenyewe halafu tunasema mtoto ni bubu.

Kalamu Nyekundu: Wanamaliza wiki hii na hujagusia tathmini ya katikati ya mafunzo. Fomu ya tathmini ya mwisho umeshajaza?

Zamu_Ndefu: Nimejaza. Nimeandika "hajafaulu". Alitaka kutoa dawa bila kukagua jina la mgonjwa, nami usalama siuchezei. Ya katikati haikufanyika, wodi ilijaa. Ila kila siku nilimwambia awe makini.

Dripu: Hii chai. Fomu husainiwa na mwanafunzi. Huyu alisainije bila kujua kafeli?

Zamu_Ndefu: Hajasaini. Ndiyo maana nauliza.

Mama Wodi: Kumbe! Mwanangu, hilo ungelisema mwanzo.

Kalamu Nyekundu: Basi mjulishe mwalimu wa chuo leo, kabla ya mwanafunzi kusaini chochote. Kisha mwite faragha, mlango umefungwa. Aanze yeye: anaionaje kazi yake? Halafu taja tendo na madhara yake: "Hukulinganisha jina la kwenye karatasi ya dawa na la mgonjwa, dawa ingeweza kwenda kwa asiye wake." "Kuwa makini" hakumwelezi afanye nini. Mwache akuonyeshe ukaguzi huo ukiwa pembeni yake, na uandike ulichokiona.

Zamu_Ndefu: Nitamwita kesho. Alama siibadilishi.

Kalamu Nyekundu: Hujamwona akirudia na umeshaamua. Kwenye fomu weka tarehe, tendo, na siku uliyomwambia. Pasipo hayo chuo kina haki ya kukurudishia.