Tupeane uzoefu: kijana anayeanza chuo cha afya, ni msingi gani asiudharau?

Mjomba wa Kimara:
Wakuu, heshima kwenu. Binti wa dada yangu kamaliza kidato cha nne, Kemia, Biolojia na Fizikia kazipata, na sasa kapangiwa chuo, diploma ya utabibu, miaka 3. Tangu majibu yatoke kazi yake ni kukariri mifupa. Yote 206 anaitaja, hadi vile vidogo 8 vya kifundo cha mkono kavitungia wimbo. Mimi fundi umeme, namwona kama mtu anayekariri majina ya nyaya hajawahi kushika testa. Ninyi mlioko kazini, kitu gani cha mwanzo kabisa mlikidharau chuoni kikaja kuwaumbua wodini? Naomba visa vyenu wenyewe. Ushauri wa "soma kwa bidii" keshapewa na kila shangazi.

Sista Mstaafu:
Upumuaji, mwanangu. Mimi nikishika chati ya mwanafunzi naanzia safu ya upumuaji. Ukikuta 20, 20, 20 kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, jua hakuna aliyehesabiwa. Na msicheke, nami niliyafanya hayohayo. Mwaka wa kwanza, wodi ya watoto, niliandika 20 kwa mtoto wa miezi 9 aliyekuwa mgongoni kwa mama yake. Katulia, halii, nikaona nimsumbulie nini. Sista mkuu wa wodi akapita, akaitazama chati, akamwambia mama, "Mshushe, mlaze hapa, mfunue kanga." Akanivulia saa yake. "Hesabu. Dakika nzima."

Kifua kilikuwa kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta. Nikafika 62. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla hajatimiza mwaka, ikifika 50 tayari anapumua haraka; akishatimiza mwaka, 40. Ilikuwa nimonia, na kile nilichokiita utulivu kilikuwa uchovu, hana tena nguvu ya kulia. Akawekewa oksijeni, akaanzishiwa dawa, akapona. Sista hakunisemesha siku 2.

Mnunulieni saa yenye mshale wa sekunde. Simu huwezi kuishika na glavu.

Zamu ya Usiku:
Shikamoo Sista, hiyo 20 bado ipo, haijastaafu na wewe 😂

Kwangu ni hesabu. Nilikwenda uuguzi nikijipongeza kwamba nimezikimbia, kumbe zimetangulia kunisubiri. Insulini tuliyokuwa nayo ni ya uniti 100 kwa mililita 1, kwa hiyo uniti 10 ni mililita 0.1, kitu kidogo sana chini kabisa ya bomba. Siku hiyo mabomba maalumu ya insulini yameisha. Nikachukua bomba la kawaida la mililita 2, nikavuta hadi alama ya 1. Saa 9 usiku, nukta inahama kichwani. Mwenzangu akauliza, "Umevuta ngapi?" Kumi. "Hebu soma kichupa." Nikasoma, nikarudia. Nilikuwa nimeshika uniti 100. Sukari ya yule mzee ingeshuka hadi asiamke.

Niliimwaga, nikaenda kukaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, miguu haina nguvu. Mpaka leo insulini siichomi mtu wa pili hajaangalia bomba, hata awe mwanafunzi. Binti aanze na dripu, ni hesabu nyepesi: lita 1 iishe kwa saa 8, seti inayotoa matone 20 kwa mililita. 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone kama 42 kwa dakika. Azifanye hapohapo jikoni maharage yakichemka.

Tabibu wa Porini:
Wengine watasema hesabu, mimi nasema Kiswahili. Msinishangae. Tunafundishwa kwa Kiingereza miaka 3, halafu mgonjwa anakaa mbele yako anasema "chembe ya moyo inaniuma". Nikiwa mgeni kituoni nikasikia moyo, nikaandika maumivu ya kifua, na mwenyewe nikaanza kutetemeka. Mhudumu wetu mmoja, mama wa makamo, akanivuta pembeni: "Daktari, muulize aoneshe kwa kidole." Akaonesha hapa chini ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo. Inauma akiwa na njaa, akila inatulia. Vidonda vya tumbo.

Ila msije mkaishia hapo. Ugonjwa wa moyo wenyewe nao mara nyingine hujificha palepale kwenye chembe, hasa kwa mtu mzima mwenye kisukari au presha. Kwa hiyo kidole kinakupa pa kuanzia tu, maswali yanaendelea. Kuna kichomi, kuna chango, kuna "mwili kufa ganzi", kuna "homa" ambayo kwa wengi ni kuumwa tu, hata joto liwe 36.8. Kila neno lina swali lake la pili.

Mtu wa Maabara:
Chupa za damu jamani. Kifuniko cha zambarau, picha kamili ya damu. Chekundu, vipimo vya kemia. Mwanafunzi mmoja damu ilimpungukia kwenye chupa nyekundu, akamiminia kutoka ya zambarau, akaona kaokoa jahazi. Mashine ikasoma potasiamu ya mtu anayepaswa kuwa maiti, kalisiamu karibu hakuna. Nikapanda wodini mbio. Mgonjwa anakunywa chai na maandazi.

Ile ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, chumvi ya potasiamu, na inanasa kalisiamu. Angejua hiyo moja asingemimina. Akaambiwa achome upya, mgonjwa akamnunia, haki yake.

Mwaka wa Pili:
Mimi bado niko chuo, sina kisa cha kutisha. Nilikuwa nachanganya "haipo" (hypo, kitu kiko chini) na "haipa" (hyper, kiko juu) hadi nikala sapu, nikarudia mtihani. Mwalimu mmoja akatuambia: haipo ni haipo! Sukari haipo, presha haipo, maana yake iko chini. Sijakosea tena. Ikiwa haipo, haipo 😄

Fizio:
Naona mmeungana kumcheka binti na mifupa yake. Nawapinga. Kila mara naletewa mtoto anayeburuza mguu, mama anasema alichomwa sindano ya tako, tangu siku hiyo hivi. Mshipa mkubwa wa fahamu unapita pale, na aliyechoma alijua "tako" tu, hakujua robo ya juu upande wa nje. Wengine wanarudi kutembea vizuri baada ya miezi ya mazoezi, wengine wanabaki na kiatu cha kushikilia unyayo. Aendelee kukariri. Ila akitaja mfupa auguse kwenye mwili wake, kisha wa mdogo wake, maana wa mtoto haukai kama wa mtu mzima.

Sista Mstaafu:
Fizio umenena. Nimekubali.

Mjomba wa Kimara:
Wakuu, asanteni. Nimemsomea jana usiku. Ya insulini alikaa kimya kidogo. Leo asubuhi nimemkuta barazani kamlaza bibi yake kwenye mkeka, kaazima saa yangu, anahesabu midomo ikicheza. Kapata 18. Bibi anamuuliza, "Sasa hizo nyingi au chache?" Na yeye anarudia kuhesabu, maana bibi kaongea katikati.

Swali la mwisho: mabomba matupu ya kujifunzia kusoma alama, yanauzwa duka lolote la dawa au lazima awe na barua ya chuo?