Nyangumi wa Atlantiki mwezi Mei, tukitokea Dodoma: Azores, Kanari au Cabo Verde?

Mzabibu_Hombolo

Habari zenu wakuu. Tunapanga safari ya siku 12 kwenda kuangalia nyangumi na pomboo kwenye visiwa vya Atlantiki. Tuko watatu: mimi, mke wangu, na mama mkwe mwenye miaka 64 ambaye kiuno kinamsumbua, hawezi kurushwarushwa. Mavuno ya kwanza ya zabibu yanaisha Machi na ya pili yanaanza Agosti, kwa hiyo nafasi yetu ni kuanzia katikati ya Aprili hadi Juni.

Tunataka nyangumi wakubwa hasa, pomboo wawe nyongeza. Naomba kujua: (1) kisiwa kipi kwa miezi hiyo? (2) Viza inakuwaje kwa mkulima asiye na barua ya mwajiri? (3) Boti gani itamfaa mama, na tufanyeje tusilewe bahari? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda boti zaidi ya ile ya kwenda Unguja.

Nahodha_AreaC

Mkuu, anza na mnyama, kisha mwezi. Kisiwa kitajileta chenyewe.

Kwa Aprili na Mei na nyangumi wakubwa, jibu ni Azores. Ni visiwa tisa vya Ureno, katikati kabisa ya bahari. Majira ya kuchipua, vijimea vidogo sana vya kijani huongezeka majini, kamba wadogo sana wanaovila wanajaa, na nyangumi wanaohama kwenda kaskazini wanasimama hapo kula. Ndipo unapomwona nyangumi buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, na yule wa pili kwa ukubwa anayeitwa fini. Ukifika Julai wengi wao wameshapita. Mwenyeji wa mwaka mzima ni cachalote (jina hilo utalisikia sana kwenye boti, lishike), yule mwenye kichwa kama sanduku anayezama kufuata ngisi. Visiwa hivi ni vilele vya volkano, ukiondoka ufukweni kilomita chache tu tayari uko juu ya maji ya kina cha mita elfu na zaidi, kwa hiyo boti haihitaji kwenda mbali.

Kanari ni habari nyingine. Kati ya Tenerife na La Gomera kuna calderón, jamaa wa pomboo, mweusi, kichwa cha mviringo, anakaa pale mwaka mzima. Mlima Teide wenye mita 3,715 unakinga pwani ya kusini magharibi dhidi ya upepo wa kaskazini mashariki, ndiyo maana bahari pale hutulia hata siku ambayo upande wa pili inachafuka. Uhakika wa kuona mnyama ni mkubwa sana, ila usitegemee nyangumi buluu.

Cabo Verde ni ya nyangumi wa nundu, hasa kisiwa cha Boa Vista, wanakokuja kuzaa. Wakati wake mzuri ni Machi na Aprili; ukifika mwishoni mwa Mei umechelewa.

Kwa hiyo Azores, wiki mbili za kwanza za Mei. Na msirukeruke visiwa vitano. Kinachoharibu safari hizi mara nyingi si kukosekana kwa nyangumi, ni upepo: boti zinafutwa siku moja au mbili mfululizo. Mtu aliyepanga siku mbili kwa kila kisiwa anaondoka bila kuona kitu. Kaeni sehemu moja usiku sita au saba, lipieni safari tatu za baharini, na ya kwanza iwe asubuhi ya kwanza kabisa ili ikifutwa mbaki na siku za kuihamishia.

Jambo moja kwako mkulima wa mizabibu: kisiwa cha Pico, huko huko Azores, mizabibu yake hupandwa ndani ya vijiuwa vya mawe meusi ya volkano, kuta za kuzuia upepo na chumvi. UNESCO waliyaweka mashamba hayo kwenye urithi wa dunia mwaka 2004. Siku ya upepo msiyoenda baharini, nendeni huko.

Binti_Nzuguni

Nachukua swali la viza. Azores, Madeira na Kanari zote ziko ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Cabo Verde haimo, ni nchi nyingine kabisa. Watu wananaswa hapa: ukitoka Lisbon kwenda Cabo Verde umetoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja haikurudishi Lisbon kupanda ndege ya nyumbani. Mkiongeza Cabo Verde, ombeni ya kuingia mara nyingi.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo kwa safari ya Mei, pelekeni Februari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari isipungue euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani, na tarehe zake zifunike siku zote. Pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, iwe na kurasa mbili tupu, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Mkiamua Kanari, ni Hispania, na ubalozi wao uko Dar. Kwa Ureno, thibitisheni kwanza ni ofisi ipi inapokea maombi ya wakazi wa Tanzania ndipo mpange siku. Alama za vidole mtatoa wenyewe, mama naye lazima afike. Kwa treni ya SGR hilo ni jambo la kwenda na kurudi siku moja mkipata nafasi ya asubuhi.

Mkulima hukosa barua ya mwajiri lakini ana vingine: TIN, hati ya shamba, uthibitisho wa uanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), stakabadhi za mauzo ya zabibu na taarifa ya benki. Fedha ya mavuno huingia kwa mkupuo, na afisa akiona milioni kadhaa zimeingia siku moja anadhani umeazima. Ambatanisha stakabadhi ya mauzo yenye tarehe ileile, na barua ya ukurasa mmoja ikieleza misimu miwili ya mavuno. Tiketi iwe ya kushikiliwa tu, usilipe yote kabla ya viza.

Kiwango_cha_Maji

Suala la mama ndilo la kuamua kabla ya yote. Pico boti nyingi ni za mpira zenye sakafu ngumu, abiria kama 12, mnakalia viti kama vya pikipiki. Kila wimbi linampiga mtu kiunoni. Waendeshaji makini huwakataa wenye matatizo ya mgongo na wajawazito, na wana haki. Mama asipande hata kama bahari imelala asubuhi. Kurudi mchana ndiko kunakuwa na mawimbi.

Njia ni mbili. Mkae Ponta Delgada, kisiwa cha São Miguel, ambako kuna katamarani na boti kubwa zenye viti vya kawaida, choo na sehemu ya kujikinga. Aketi katikati kuelekea nyuma, mbele ndiko kunakorushwa zaidi. Au mkae Lajes do Pico, ninyi wawili mpande boti ya mpira na mama aangalie kutoka nchi kavu. Azores zamani waliwinda nyangumi, na wavuvi walijenga vibanda juu ya miamba vinavyoitwa vigia, mtu anakaa na darubini kubwa akitafuta pumzi ya nyangumi. Mnyama wa mwisho aliuawa 1987. Vibanda vinatumika mpaka leo, safari hii kuziongoza boti za watalii kwa redio. Vigia da Queimada iko nje kidogo ya Lajes.

Darubini ya mama iwe ya 8x42, yaani inayokuza mara 8. Ya 10 na kuendelea inatikisika mkononi.

Kulewa bahari: kidonge kinywewe kabla, ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Cinnarizine kwa mtu mzima ni miligramu 30 saa mbili kabla ya kuondoka. Inaleta usingizi, na kwa mama muulizeni mfamasia kama haigongani na dawa zake. Kuleni kitu kikavu, mkate au biskuti. Chai ya maziwa na mayai ya kukaanga viacheni. Macho yawe kwenye upeo wa bahari. Anayeinamia simu kutazama picha ndiye anayetapika wa kwanza. Ukizidiwa, tapika upande upepo unakokwenda.

Nguo: chukueni baridi ya Dodoma ya Juni na ule upepo wake, ongezeni maji. Tabaka tatu na kofia inayobana.

Na hili lishikeni vizuri. Mwongozaji akiona mnyama anataja uelekeo kwa saa: mbele ya boti ni 12, kulia ni 3, nyuma 6, kushoto 9. Anasema kwa Kiingereza. Ukisikia “three” ukaitafsiri kichwani kuwa saa tisa, utageukia kushoto na nyangumi yuko kulia. Msitafsiri. Fikirieni namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa.

Nahodha_AreaC

Naongeza jinsi ya kumjua. Pumzi ya cachalote ni fupi, imetawanyika, inalala mbele kuelekea kushoto, kwa sababu tundu lake liko kushoto mwa ncha ya kichwa. Ya buluu ni nguzo iliyosimama wima, mita tisa hivi. Cachalote hulala juu kama gogo akivuta pumzi kwa takribani dakika kumi, kisha mgongo unajikunja. Hapo ndipo kamera inyanyuliwe, maana mkia unafuata sekunde chache baadaye. Kasi ya kamera 1/1000, lenzi ya 70–300, na usibadilishe lenzi baharini, chumvi inaingia. Akishazama, linabaki duara la maji laini kama mafuta, naye hukaa chini dakika 45 au zaidi. Boti nzuri inamwacha, inatafuta mwingine.

Umbali wa kisheria Azores ni mita 50, Kanari 60. Mita 50 ni pungufu kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira. Kabla ya kulipa ulizeni: mnatumia vigia? Safari ikifutwa fedha inarudi? Tusipoona mnyama tunapewa safari nyingine? Anayeahidi kuwasogeza karibu kabisa mwacheni. Boti ikimkata nyangumi njia kwa mbele anazama mapema kabla hajavuta pumzi ya kutosha, na mwenye mtoto anahama kabisa. Ndiyo yale ya pomboo wa Kizimkazi, boti kumi zinamfukuza mmoja.

Mzabibu_Hombolo

Asanteni sana. Tumekubaliana: São Miguel usiku watatu kwa ajili ya katamarani na mama, kisha ndege ya ndani hadi Pico usiku wanne, tunarudi Lisbon asubuhi ya siku ile ile ya ndege ya kuja Dar jioni.

Binti_Nzuguni

Hiyo ya mwisho ibadilisheni. Pico ndege chache, na upepo au wingu la mlimani likizifuta, ya Dar inawaacha. Wakati mwingine ndege inatua Horta, kisiwa jirani cha Faial, na mnavuka kwa feri ya nusu saa hadi Madalena, Pico, hiyo si shida wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi ni shida. Punguzeni usiku mmoja Pico, mlale Lisbon.