"F hachaguliwi isipokuwa G amechaguliwa": sharti hili linasomwaje?

Mtahiniwa_mpya: Habari wakuu. Najiandaa na mtihani wa kujiunga na chuo, naomba msaada kwenye mafumbo ya mantiki. Kuna watu 6 (F, G, H, J, K, L), wanatakiwa 4. Masharti:

F hachaguliwi isipokuwa G amechaguliwa.
H akichaguliwa, J hachaguliwi.

Kitabu kinasema kundi la G, H, K, L linakubalika. Mimi nililikata palepale: G yumo, F yuko wapi? Kitabu kimekosea au?

Kalamu_Nyekundu: Kitabu kiko sawa. Sharti linamfunga F, G halimgusi. F akiwemo, lazima G awemo. Ligeuze: G asipokuwemo, F naye nje. Umepewa hayo tu. G akishakuwemo, F awemo asiwemo, hakuna kilichovunjwa.

Mzee_Ubishi: Napinga kidogo. Ukiambiwa "huingii isipokuwa una tiketi", ukiwa nayo si unaingia? Walaumiwe watunzi.

Kalamu_Nyekundu: Kwenye maongezi ndivyo tunavyoelewana, sikatai. Wanaisimu Michael Geis na Arnold Zwicky waliliandikia hilo mwaka 1971: mtu akiahidiwa dola 5 akikata majani, anajijazia mwenyewe kwamba asipokata hapewi. Hilo la pili hakuambiwa. Mtunzi wa mtihani anajua utajijazia, na jibu la mtego analitengeneza hapo hapo. Akitaka sharti lifunge pande zote mbili ataandika "ikiwa, na ikiwa tu". Halafu hiyo tiketi yako, ukumbi ukiwa umejaa?

Mzee_Ubishi: Haya, nimekaa.

Mtahiniwa_mpya: 😂 Asante mkuu. Na H na J je? Mmoja wao lazima awemo, sivyo?

Bi_Hoja: Hapana. Wamekatazwa kuwa pamoja, hawajaamriwa kuwepo. Waache nje wote wawili uone: F, G, K, L, kundi limetimia. Ingeandikwa "H asipochaguliwa, J anachaguliwa", hapo ndipo mmoja lazima awemo, na hata wote wawili ruksa. Kwangu mimi hapa ni pabaya kuliko kwenye "isipokuwa", maana sentensi inaonekana rahisi na mtu anaipita mbio. Chora mshale kwa kila sharti (F → G), chini yake chora uliogeuzwa (G hayumo → F hayumo), ndipo usome majibu.

Pita_Njia: Kama unafanya LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria vya Marekani, sehemu ya mafumbo ya aina hii iliondolewa kuanzia Agosti 2024. Ila usitupe daftari, masharti haya haya yamo kwenye maswali ya kuchambua hoja.

Mtahiniwa_mpya: Wangu si huo, mafumbo bado yapo. La mwisho: "K hachaguliwi isipokuwa L na G wote wamechaguliwa." Nikigeuza: L na G wote wakikosekana, K nje?

Bi_Hoja: Akikosekana mmoja tu, K yuko nje. Ukikanusha "na", inakuwa "au".

Mtahiniwa_mpya: Kumbe! Ngoja nirudie sura nzima.